Katolewa mara nne mechi moja: tumcheke au tumwache?

Mkwezi wa Baltimore
Wakuu, heshima zenu. Nimegombana na mtu ninayemheshimu, naomba mtuamulie. Jumapili tulikuwa uwanja wa Camden Yards kuangalia Orioles, timu yetu ya besiboli. Kuna mpigaji wetu mmoja, simtaji, kaingia mara nne, na mara zote nne katolewa kwa straiki tatu, yaani kashindwa mipira mitatu mizuri, basi anarudi kukaa. Ile ya mwisho mpira umeshatulia kwenye glavu ya mdakaji, yeye ndio kwanza anazungusha rungu. Nikasimama nikapaza sauti, "Mpeni kofia yake!" Wanaofuatilia besiboli wanajua: ukitolewa hivyo mara nne mechi moja, wanasema umevikwa sombrero ya dhahabu. Jukwaa zima likaangua kicheko. Shemeji niliyekwenda naye akanuna mpaka tunafika nyumbani, eti namdhihaki mtu aliye kazini. Sasa nauliza: aliyelipa kiingilio ana haki ya kumcheka mpigaji wa namna hii, au hana? Na nyie wa kabumbu mjibu taratibu. Kwenu mtu anaboronga dakika 90 kajificha nyuma ya wenzake kumi. Huku uko peke yako na rungu lako.

Mzee wa Kasarani
Kajificha nyuma ya wenzake kumi? Penalti huko Baltimore hazijafika? Baggio 1994 alijificha nyuma ya nani?

Mkwezi wa Baltimore
Mzee wangu, Baggio alikosa moja na tunaizungumza mpaka leo. Mpigaji anasimama pale mara nne au tano kila mechi, na msimu una mechi 162.

Mwananchi Jangwani
Kasarani wanazijua sana penalti. Madagascar waliwapa somo, hahaha.

Mzee wa Kasarani
Nilijua tu utatokea. Ile ilikuwa robo fainali ya CHAN, tukaenda sare ya moja moja, tukatoka kwa penalti kiume. Nyinyi siku hiyo hiyo Morocco waliwatoa hapo kwa Mkapa ndani ya muda wa kawaida. Penalti mmeziona kwa runinga yetu.

Mwananchi Jangwani
Mimi ni Yanga, ya Stars msiniulize. Tano moja tuliyowafunga Simba mnaikumbuka? Novemba 2023? Nauliza tu.

Mnyama Msimbazi
Kila uzi lazima mtu alete tano moja. Mada ni besiboli ya Wamarekani, utopolo wa Yanga kaleta tano moja. Kama mna mengine mazuri yatajeni, hamna.

Kaka wa Dallas
Ndugu zangu, turudi kwenye mada. Mimi yule mpigaji Joey Gallo nimemwangalia tangu yuko timu ya Rangers hapa Arlington. Homurani, ile mipira inayopigwa ikavuka uzio, 41 mwaka 2017, 40 mwaka uliofuata. Katikati ya 2021 wakampeleka Yankees ya New York. Msimu ule jumla alitolewa kwa straiki tatu mara 213, na 2022 hali ikawa mbaya zaidi. Walimzomea mpaka akawaambia waandishi kwamba hatoki nje, hataki watu wa New York wamwone sura. Kijana wa miaka 28. Huyo mmemcheka au mmemmaliza?

Mama Zuhura
Kwa mshahara ule hata mimi ningejifungia ndani, tena kwa raha zangu. Hao hao Orioles si ndio walimpa Chris Davis dola milioni 161 kwa miaka saba? 2018 wastani wake wa kupiga ukawa .168, yaani alifanikiwa chini ya mara mbili katika kumi. Nipeni mimi hizo hela, halafu mje mnizomee mpaka jikoni, nitawakaangia na maandazi.

Kaka wa Dallas
Dada, hela haitibu aibu.

Mama Zuhura
Dada yako nani? Nina mjukuu yuko chuo. Na hayo ya hela haitibu aibu huwa wanayasema wenye hela.

Kaka wa Dallas
Shikamoo mama, nisamehe. Lakini hoja yangu iko pale pale.

Mama Zuhura
Marahaba. Iko pale pale kwa sababu hujaisogeza.

Ndugu Takwimu
Mnabishana juu ya adabu wakati jambo lenyewe ni hesabu. Rekodi ya kutolewa hivyo msimu mmoja ni ya Mark Reynolds, mara 223 mwaka 2009, na mwaka huo huo alipiga homurani 44. Aliyetolewa hivyo mara nyingi kuliko wote ni Reggie Jackson, 2,597, na yuko Cooperstown tangu 1993. Aaron Judge 2017 katolewa mara 208, homurani 52. Auti ya straiki tatu haitofautiani sana na auti ya mpira uliodakwa. Wakati mwingine ni nafuu, maana ukiwa na mwenzako besi ya kwanza, mpira wa kuburuza ukimfikia mlinzi mnatolewa wawili kwa mkupuo. Timu zilishapiga hesabu hiyo zikaikubali, ndio maana 2018 straiki tatu zilizidi hiti, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji besi salama, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi. Mnamcheka mtu kwa kufanya alichoajiriwa kukifanya.

Mwananchi Jangwani
Cooperstown ndio timu gani?

Ndugu Takwimu
Si timu. Ni mji ulio na jumba la magwiji wa besiboli, jimbo la New York. Nimeandika yote hayo umeona Cooperstown tu?

Mnyama Msimbazi
Msamehe, anatafuta mahali penye kombe.

Babu wa Bronx
Huyu wa takwimu anatetea uvivu. DiMaggio, gwiji wa zamani wa Yankees, maisha yake yote alipiga homurani 361, straiki tatu 369. Ule mwaka wake mkubwa wa 1941 alitolewa hivyo mara 13 tu, msimu mzima! Joe Sewell mara tatu mwaka 1930, na 1932 tatu tena. Hawa wenu mara tatu wanazimaliza kabla watu hawajanunua soda. Wachekwe, tena wachekwe kwa sauti.

Ndugu Takwimu
Babu, kwa heshima yote, mpira wa kilomita 160 kwa saa ukirushwa toka mita 18 na ushee unafika chini ya nusu sekunde. Enzi za DiMaggio mrushaji mmoja alikuwa akichoka naye mpaka mwisho. Leo analetwa mpya mwenye nguvu zake kila baada ya muda mfupi.

Babu wa Bronx
Mrushaji Bob Feller unamjua? Walimpima 1946 kwa mitambo ya jeshi, karibu maili 99 kwa saa. DiMaggio alisimama mbele ya huyo. Usinifundishe mambo niliyokuwa nayasoma baba yako hajaoa.

Ndugu Takwimu
Baba yangu ametoka wapi tena hapa?

Mtoto wa Lugazi
Mnavyobishana, kuna mmoja wenu amewahi kushika hilo rungu? Watoto wa kwetu Uganda, wa Kampala, walifuzu fainali za dunia za watoto za 2011 huko Marekani, wakanyimwa viza. 2012 wa Lugazi wakafika Williamsport zinakochezwa, timu ya kwanza kutoka Afrika. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Aprili 2017 alipiga hiti mara yake ya kwanza kabisa kusimama, mbele ya mrushaji Jon Lester. Msimu haujaisha wakamrudisha ligi za chini. Mngekuwepo mngempigia kelele za kofia na yeye?

Mzee wa Kasarani
Sisi tulicheza rounda shule ya msingi, rungu tumeshika. Na bado natetea penalti.

Mkwezi wa Baltimore
Huyo Davis nawaambieni mimi. Mei 2012 tulikuwa Boston, mechi ikaenda inning 17 badala ya tisa. Davis siku hiyo alisimama mara nane, hiti sifuri, straiki tatu mara tano. Tano! Warushaji wakatuishia. Kocha akamgeukia nani? Yeye huyo huyo, ambaye si mrushaji. Akapanda kile kilima cha kurushia, akarusha inning mbili bila kufungwa, tena wapinzani wawili akawatoa kwa straiki tatu. Tukashinda 9-6, na kwenye vitabu mrushaji mshindi ni Chris Davis. Siku ile tulimcheka na tukampenda, yote kwa pamoja. Shemeji hilo halielewi.

Kaka wa Dallas
Malizia basi. Toka Septemba 2018 mpaka Aprili 2019 alisimama mara 54 mfululizo bila hiti, rekodi ya ligi. Siku hizo mlikuwa mnampenda? Mtoto wa miaka tisa, shabiki wa Boston, ndiye aliyempa barua ya kumtia moyo. Shabiki wa wapinzani. Nyinyi wa nyumbani mlikuwa mnamzomea, mimi nilikuwa naangalia.

Mkwezi wa Baltimore
Ulikuwa Dallas, ulisikiaje?

Kaka wa Dallas
Zilisikika mpaka Dallas.

Mama Zuhura
Mnavyolia utadhani kuna aliyekufa. Sisi tulicheza rede, unakwepa mpira huku unajaza chupa mchanga, ukipigwa unatoka, na wasichana wa mtaa mzima wanakucheka. Kesho yake unakuwa wa kwanza uwanjani.

Mzee wa Kasarani
Kwetu tunaita kati, na chupa hakuna. Hiyo ya mchanga mmeongeza wenyewe.

Mama Zuhura
Tumeongeza? Rede bila chupa ni kukimbia ovyo tu. Unajaza, unaimwaga, ndio unahesabiwa.

Mtoto wa Lugazi
Unaimwaga tena? Si umeshajaza?

Mwananchi Jangwani
Mama yuko sahihi, lazima imwagwe. Dada zangu walikuwa wanapigana kwa hilo.

Mnyama Msimbazi
Naandika tarehe. Leo utopolo kasema jambo la kweli.

Mkwezi wa Baltimore
Jamani, swali langu?

Mzee wa Kasarani
Subiri kwanza, mama anieleze. Ukipigwa wakati unaimwaga, umetoka ama hujatoka?