Tupeane uzoefu: Kimbunga Hidaya kilikuachaje kibiashara?

Wakuu wa Kusini, habari za mihangaiko. Mei 2024 Hidaya kilipofika Mafia, huku Mtwara mjini kilichotubana zaidi kilitokea Kilwa: barabara kukatika Somanga. Mzigo wa Dar ukakwama njiani. Na Mei ndiyo hela ya korosho imeshayeyuka, wateja wanataka kukopa na wewe mwenyewe huna pa kukopa. Mimi nina duka la vyakula. Kila msimu wa mvua ukikaribia huwa naongeza sembe, mafuta ya kula na sabuni kwa hela hiyohiyo ya korosho kabla haijaenda kwenye pikipiki na ngoma. Ndiyo iliyonivusha. Wenzangu mlijikwamuaje? Nataka vitu vya kushikika, siyo "Mungu mkubwa" tu. Mkubwa kweli, ila turubai nalo linahitajika.

MamaPweza_Feri: Mie nasafirisha samaki na pweza Dar. Niliposikia gari hazipiti sikungoja umeme nao uanze kusumbua. Nikawaita wenzangu wa kikundi, samaki tukakaanga wote siku ileile, pweza tukamkausha juu ya moto maana jua halikuwepo. Tukatembeza mpaka Magomeni ya hapahapa Mtwara. Faida hakuna, lakini mtaji ulirudi na friza zikabaki tupu.

Cherehani_Lindi: Kwetu maji huingia kwenye fremu karibu kila mwaka. Cherehani inapanda juu ya meza, sawa, lakini kinachoua fundi ni vitambaa vya wateja na daftari. Kitambaa kikiharibika unalipa, daftari likilowa hujui nani anadaiwa. Vyote vinakaa kwenye ndoo zenye mfuniko, na kurasa za madeni nazipiga picha kila Ijumaa namtumia dada yangu Masasi. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitoa angalizo tu, ndoo zinahamia nyumbani.

Mzee_wa_Bima: Angalieni mkataba. Bima ya moto peke yake hailipi mafuriko wala upepo mpaka uombe kipengele hicho kiongezwe. Jirani yangu alibaki na karatasi mkononi na bati ziko kwa watu.

Kikoba_Mikindani: Sisi wa kikoba tunatumia mfuko wa jamii, yaani hela tunayochangishana kwa ajili ya shida. Genge likiezuliwa, mwenye genge anapewa kwanza, maswali baadaye. Hatumpi hela mkononi. Tunakwenda naye kununua bati na mzigo wa kuanzia. Anarudisha bila riba korosho zikishauzwa, kwa sababu kumdai mtu Juni huku kwetu ni kupoteza nauli.

Mwanzisha mada: Bila riba kabisa? Asiporudisha je?

Kikoba_Mikindani: Anadhaminiwa na wanachama wawili. Kuna mmoja alianza chenga, wadhamini wakavuta subira mpaka malipo ya mnada wa korosho yalipoingia, wakamkuta benki kwenye foleni. Akatoa yote palepale.