Naomba ushauri: mashine ya kunyonya kidonda cha sukari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama yangu yuko Wete, Pemba, ana kidonda cha sukari unyayoni na hakifungi. Daktari ametaja mashine ya kunyonya kidonda: sponji ndani, plastiki juu, mpira unaovuta majimaji. Nimesoma utafiti wa 2008: asilimia 43 ya waliotumia mashine vidonda vyao vilifunga kabisa, na kwa waliofungwa dresingi za unyevu (bandeji zinazokitunza kidonda kisikauke) ni asilimia 29. Lakini ule wa Ujerumani, DiaFu, uliochapishwa 2020, haukuona tofauti ya maana ndani ya wiki 16. Hapo ndipo ninapokwama, maana kumvusha mama hadi Unguja ni tabu kweli. Aliyemuuguza mzee wake kwa mashine hii, kilifunga? Au kwanza tupime mzunguko wa damu mguuni na asiukanyagie?