Tromsø au Rovaniemi? Familia yenye watoto wawili tunaomba ushauri

BintiMkunazini
Habari zenu wakuu. Tunaishi Birmingham, watoto wawili, mkubwa miaka 9 na mdogo 5. Safari hii tumeazimia kwenda kuona theluji ya kweli, si hii ya huku inayoyeyuka kabla hujamaliza kuvaa buti. Baba watoto anang'ang'ania Tromsø, Norwei, kwa ajili ya nyangumi na taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Mimi na watoto tunataka Rovaniemi, Ufini, kwa Baba Krismasi, ambaye wanangu wanamjua kuliko babu yao wa Unguja. Tunafikiria Desemba. Waliofika naomba ukweli, hasa baridi, na huyu wa miaka 5 nitamfanyisha nini gizani.

KakaWaOulu
Dada, mimi ni mkazi wa Ufini, kwa hiyo jueni naegemea kwangu. Kwa mtoto wa miaka 5 ni Rovaniemi. Kijiji cha Baba Krismasi kiko kilomita 8 tu kutoka mjini, na mstari wa Mzingo wa Aktiki, ule wa kwenye ramani unaoanzia ukanda wa kaskazini kabisa mwa dunia, umepita humo humo. Watu wanapanga foleni kupigwa picha mguu huku, mguu kule. Kumwona mzee mwenyewe ni bure, wanakunasa kwenye bei ya picha. Sleji ya kuvutwa na rendia, wale kulungu wa huku kaskazini, ipo hapo hapo, mzunguko mfupi, mtoto anashuka kabla hajaanza kulia baridi.

Mji wenyewe msiutarajie kuwa mzuri. Wajerumani waliuchoma mwaka 1944 wakirudi nyuma, ukajengwa upya kwa mpango wa msanifu majengo Alvar Aalto, barabara zikifuata umbo la pembe za rendia. Hilo utaliona kwenye ramani. Ukiwa chini ni maduka na maghorofa tu.

Mzee_wa_Fyodi
Naona Tromsø haina wakili, ngoja niisemee. Iko mbali zaidi kaskazini, zaidi ya kilomita 300 kupita Mzingo wa Aktiki, lakini ina baridi ndogo kuliko Rovaniemi kwa sababu ya bahari yenye mkondo wa maji vuguvugu. Januari mara nyingi unakuta nyuzi 3 au 5 chini ya sifuri, wakati wenzetu wa Ufini wanaweza kuamkia 25 chini. Halafu kuna mandhari: milima inaingia baharini, unapanda na gari la waya la Fjellheisen hadi mita 421 unauona mji wote kisiwani chini yako.

Ubaya wake ni mawingu. Pwani ni pwani. Ndiyo maana waongozaji wa taa za kaskazini wanakupakia kwenye basi dogo mnakimbilia bara, pengine hadi mpakani na Ufini, kutafuta anga safi. Mnarudi saa nane usiku. Mtu mzima anafurahi, mtoto wa miaka 5 ni mzigo begani.

Nyota_ya_Jaha
Mzee kasahau utelezi! Tromsø inanyesha mvua, kisha inaganda. Nunueni zile njumu za kuvisha juu ya kiatu, la sivyo mtatembea kama mmebeba mayai.

BintiMkunazini
Kwani hizo nyuzi 25 chini ya sifuri zinavumilika kweli? Na jua je? Nisije nikajikuta siku nzima natafuta wakati wa swala.

KakaWaOulu
Zinavumilika, kwa sababu ni baridi kavu, haina upepo mwingi. Ukivuta pumzi unahisi vinyweleo vya puani vinashikana, na kope zinaota barafu nyeupe; watoto huona ni mchezo. Siri ni nguo ya ndani ya sufu, pamba iacheni nyumbani. Buti liwe kubwa kwa namba moja ili hewa ibaki ndani, ukibana soksi tatu unagandisha vidole. Simu ikae mfuko wa ndani, betri inakufa ghafla ukiitoa nje.

Jua: Rovaniemi tarehe 21 Desemba linachomoza kama saa tano asubuhi na kuzama baada ya saa saba mchana. Tromsø halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, mnapata mwanga wa buluu saa chache tu.

Mzee_wa_Fyodi
Kuhusu swala, Tromsø kuna msikiti, na wapo wenyeji wanaofuata saa za Makka kipindi hicho. Nanyi ni wasafiri, mna ruhusa ya kukusanya.

Ila dada, Desemba ya nini? Ndipo bei inapopaa kila mahali, Rovaniemi hasa. Nendeni Februari watoto wakifunga shule: theluji imejaa, urefu wa mchana umefika saa saba au nane, na usiku bado ni mrefu wa kutosha kwa taa.

Nyota_ya_Jaha
Naunga mkono. Na kama pasi zenu si za Uingereza, viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote mbili, mnaiombea kule mtakakolala siku nyingi zaidi. Ila msiunganishe miji miwili safari moja, kati yake barabara ni zaidi ya kilomita 500.

BintiMkunazini
Tumeshauriana hapa nyumbani: Rovaniemi, Februari. Baba watoto kakubali kwa sharti aende Tromsø peke yake mwakani. Anauliza nyangumi wanapatikana lini.

Mzee_wa_Fyodi
Novemba hadi Januari, wanafuata samaki aina ya heringi. Siku hizi wako upande wa Skjervøy, boti inachukua saa kadhaa kwenda tu. Mwambie ale kitu chepesi asubuhi, bahari ile haina adabu.