Mnada wa mtandaoni ulikuacha wapi? Wanakusini tupeane uzoefu (korosho, ufuta, mbaazi)

Njomba_Nanyamba
Wakuu, habari za jioni. Umeme umekatika huku sasa hivi, nimecheka peke yangu gizani maana nimekumbuka msimu wa 2024. Tumekaa kwenye mkeka, macho yote kwenye skrini, namba zinapanda, wazee kimya kama wanasubiri mwezi uandame. Mara giza. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa korosho zetu zimeenda na nani?" Jenereta lilipowaka mnada ulishakwisha. Bei nzuri tu, ila hakuna aliyeiona ikifika. Wanunuzi wenyewe wako Dar na kwingineko wanabonyeza simu, umeme wetu unawahusu nini?
Mwenye kisa cha minada ya TMX (Soko la Bidhaa Tanzania) au cha kununua kwa jumla mitandaoni amwage hapa.

Bibo_Bichi
Nimeweka kambi.

SabaBilaMkanda
Mkuu umenitonesha kidonda. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa korosho kupitia TMX, TANECU, chama kikuu chetu cha Tandahimba na Newala, bei ya juu shilingi 4,120 kwa kilo. Mimi nilikuwa na kilo 612. Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto, nikatoa makato yote ninayoyajua na nisiyoyajua, bado nikaona bati la nyumba nzima.
Majirani wakaanza kupata ujumbe kwenye simu. Mimi kimya. Wiki ya pili nikaenda AMCOS, chama chetu cha msingi, karani akasema hela imetoka, nenda benki. Benki Newala foleni hadi nje, nafika dirishani dada ananiambia hakuna kitu. Nikarudi AMCOS, wakasema nenda chama kikuu. Chama kikuu wakasema ni benki. Wakanipiga danadana mwezi mzima, nauli yenyewe nakopa.
Mwisho kijana mmoja pale benki akanionea huruma, akaomba kuona namba iliyotumwa. Ilikuwa na moja mahali pa saba. Karani wetu anaandika kwenye lile daftari la miraba, na saba yake haina mkanda. Mwenzake aliyeingiza kwenye kompyuta akaisoma moja. Haya, ikarekebishwa, hela ikarudi tena! Kumbe akaunti yenyewe imelala. Niliifungua 2018, ule msimu serikali ilipoingia kununua kwa 3,300 na jeshi likaja kusomba, sikuigusa tena. Lete NIDA, lete barua ya mtendaji, lete picha.
Nyumbani mama watoto alishaacha kuuliza. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko danadana. Anaweka ugali, anakaa, haulizi.
Nililipwa Januari. Wenzangu wameshaezeka.

Mwali_Mikindani
Pole sana kaka. Huyo karani mnunulieni rula.

Bibo_Bichi
Kwetu pia yalitokea, ila kwetu ni jina. Stakabadhi "Hamisi", benki "Khamis".

Ngongo_Lindi
Ndiyo maana mimi nasema hawa TMX wananunua kwa ujanja ujanja tu.

Njomba_Nanyamba
Njomba, TMX hanunui. Ni soko. Mzigo wako uko ghala kuu una stakabadhi ya ghala, soko linatangaza loti, wanunuzi wanashindana bei, na mkisema hatujaridhia hauuzwi. Zamani ilikuwa bei kwenye karatasi, karatasi kwenye sanduku, sanduku linafunguliwa mbele yetu. Tofauti ni kwamba sasa mnunuzi anaona mwenzake kapanda, na yeye anapanda.

Ngongo_Lindi
Sanduku nililiona kwa macho. Simu ya mtu aliyeko Vietnam nitaionaje?

Kipimo_Kamili
Nyie endeleeni na stakabadhi zenu tangu 2007. Mimi nalipa keshi mlangoni.

Njomba_Nanyamba
Kangomba huyo, mlanguzi wa kununua nje ya mfumo, kajitokeza mwenyewe. Unalipa keshi nusu ya bei, na bakuli lako la kupimia lina tumbo.

Kipimo_Kamili
Mtoto anaumwa usiku, utampa daktari stakabadhi? Mnanitukana mchana, usiku mnakuja kugonga. Nawajua kwa majina, na wengine wamo humu.

Bibo_Bichi
Hapa kuna mtu katoka jasho.

Mwali_Mikindani
Acheni ugomvi niwape cha kwangu, maana nyie mmecheleweshewa hela, mimi yangu ilikwenda moja kwa moja.
Nilipata oda ya magunia ya katani 3,000. Nikaingia kwenye soko moja la jumla la mtandaoni, yale ya viwanda vya Asia, nikampata muuzaji ana nyota zote na alama ya kuthibitishwa. Sampuli ikaja hadi Mtwara: gunia zito, unanusa ile harufu ya mafuta ya katani, uzi wa bluu pembeni. Nikalibusu.
Sasa soko lile lina utaratibu, hela yako inashikiliwa hadi uthibitishe umepokea mzigo. Muuzaji akanifuata WhatsApp. "Sister," tulipe nje ya jukwaa nitakupunguzia. Kila gunia linashuka kidogo, mara 3,000, nikaona ni ada ya mwanangu ya mwaka. Nikatuma benki kwa benki, akaunti ya jina la mtu, si la kampuni. Nililiona hilo. Nililiona na nikatuma.
Mzigo ulifika Dar, nikalipia ushuru, nikalipia lori. Tunafungua robota la kwanza hapa uani, sandarusi. Sandarusi ya rangi ya kaki, kwa mbali unasema katani. Katani ni lile gunia la juu peke yake, kila robota. Fundi aliyekuwa ananisaidia akaendelea kufungua hadi la mwisho, kama la chini litakuwa na huruma.
Korosho utazitiaje kwenye sandarusi? Zinatoa jasho, zinaota ukungu, ghala halizipokei. Mwenye oda akaondoka. Soko nalo likaniambia halina rekodi ya malipo yangu.

SabaBilaMkanda
Dada yangu! Mimi nimenyamaza.

Bibo_Bichi
Uliwahi kumpata tena?

Mwali_Mikindani
Ananitumia Heri ya Mwaka Mpya kila mwaka.

Kipimo_Kamili
Mimi bakuli langu unaliona kabla hujaniuzia. Nasema tu.

Ngongo_Lindi
Ushauri wa bure: usilipe nje ya jukwaa hata akuapie kwa mama yake.

Kitangari_Junior
Mimi mwaka wa nne nalipa nje, sijawahi kupigwa. Toa asilimia thelathini kwanza, iliyobaki baada ya mtu kukagua mzigo kule kule kabla haujapakiwa. Wakaguzi wa kukodi wapo.

Njomba_Nanyamba
Au panda ndege mwenyewe.

Kitangari_Junior
Nauli ya ndege si ndiyo magunia yenyewe?

Bibo_Bichi
Dada aolewe tu huko huko, mzigo uwe wa familia.

Mwali_Mikindani
Nina mume, tena hadi leo hajui kiasi kamili. Atakayempelekea huu uzi namlaani.

Njomba_Nanyamba
Umeme umerudi. Jamani uzi ulikuwa wa minada, kuna mwenye kisa cha ufuta au mbaazi?

Mkaa_Nanguruwe
Samahani dada, hayo ya sandarusi bado yapo? Nina mkaa.

Mwali_Mikindani
Yapo kama 1,800. Mia nane kwa moja.

Mkaa_Nanguruwe
Kwa mia tano nachukua magunia mia mbili.

Mwali_Mikindani
Mia saba, uje na gari lako, na hela unanipa mkononi.