Dawa ya sonona inaweza kubadilisha mtu anavyosoma nyuso za watu?

Dada Mkubwa:
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu ameanzishiwa sitalopramu kwa ajili ya sonona. Mwenyewe anasema hajaona nafuu: huzuni iko pale pale, usingizi hauji. Lakini kuna kitu nimekiona. Mama yetu anashona, na akitunga uzi kwenye sindano hukunja ndita kwelikweli. Zamani mdogo wangu akimkuta hivyo aligeuza akarudi chumbani: "Mama amenuna kwa ajili yangu." Juzi kamkuta na ndita zile zile, akavuta kiti, akamtungia ule uzi. Nilipomuuliza akajibu, "Si alikuwa haoni tundu." Je, dawa inaweza kugusa anavyosoma uso wa mtu kabla haijagusa huzuni yenyewe?

Msoma Nyuso:
Dada, inawezekana kabisa, na ndilo jambo ninalolifanyia kazi. Vipimo vingi hutumia picha za nyuso za wanasaikolojia Paul Ekman na Wallace Friesen za mwaka 1976. Unaonyeshwa uso mtulivu, kompyuta inauongezea hasira au woga kidogo kidogo, nawe unataja unachokiona. Mwenye sonona mara nyingi huona huzuni hata kwenye uso usio na kitu.

Mtafiti Catherine Harmer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapa watu wenye afya sitalopramu kwa siku 7, wengine wakapewa kidonge kitupu. Waliopata dawa walipunguza kutambua hasira na woga kwenye nyuso, ilhali wenyewe hawakujisikia tofauti yoyote. Kwa hiyo nyuso hutangulia. Ndugu zako wakiacha kuonekana wamekununia, unakaa nao, unaongea, unacheka, na moyo unafuata taratibu. Ndiyo maana mimi tukio la sindano nalipa uzito kuliko jibu la "unajisikiaje".

Ila dozi ya kwanza kabisa inaweza kuvuta upande wa pili. Imeonekana kuongeza kutambua woga, na wapo wanaozidiwa na wasiwasi siku za mwanzo.

Kijana Mdadisi:
Mkuu, basi si sawa na diazepamu, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, tu? Zote zinapoza ubongo.

Msoma Nyuso:
Hapana, kila dawa ina njia yake. Mwaka 1999 watafiti Blair na Curran walionyesha kuwa diazepamu iliwafanya watu washindwe zaidi kutambua hasira, hisia nyingine zikabaki karibu vile vile. MDMA, dawa ya kulevya iitwayo pia ecstasy, hupunguza mwitikio wa amigdala (sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na woga) kwa nyuso za hasira, huku sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikiitikia zaidi nyuso za furaha. Mtu anajiona amewapenda wote, kumbe uwezo wake wa kutambua woga wa mwenzake umepungua. Hapo ndipo hatari ilipo.

Na amigdala si kengele ya woga tu. Kuna mgonjwa anayejulikana kwa herufi S.M., ambaye amigdala zake ziliharibiwa na ugonjwa adimu. Alikuwa hatambui uso wenye woga. Mwaka 2005 ikabainika kuwa hatazami macho ya mtu. Alipoelekezwa ayatazame, akatambua. Dawa nazo huenda zinagusa pale tunapotupia jicho.

Fundi MRI:
Naongeza moja. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo kwenye tafiti kama hizi, haipimi hisia, inafuata oksijeni kwenye damu. Pombe na dawa nyingine hubadilisha mishipa ya damu yenyewe, kwa hiyo amigdala "ikififia" kwenye picha, ulizeni kwanza kama sehemu nyingine za ubongo nazo zilififia.

Dada Mkubwa:
Asanteni sana, mmenipa nguvu. Sasa yeye anataka kuziacha, anaona hazifanyi kazi. Nimwambieje?

Msoma Nyuso:
Asiache ghafla. Nenda naye kliniki, umsimulie daktari habari ya sindano kama ulivyotusimulia sisi, maana yeye mwenyewe hataitaja. Na akianza kuhangaika sana au kuzungumzia kujidhuru, msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.