David Suchet alimjengaje Poirot, na akamlindaje miaka yote ile?

Mtaa_wa_Jukwaa
Wakuu, salaam. Naandaa mazoezi ya kikundi cha maigizo kuhusu kumshika mhusika mmoja bila kupotea njiani, na mfano nilioutaka ni David Suchet. Alimcheza mpelelezi Hercule Poirot kwenye ITV, kituo cha televisheni cha Uingereza, kuanzia 1989 hadi 2013, na ukitazama kipande cha mwanzo kisha cha mwisho unaona mtu yuleyule, ila amezeeka. Mwendo na sauti ile alivipataje? Alikuwa nani kabla ya hapo, na kwa nini Poirot hakummeza akakosa kazi nyingine? Na mwenye muda mdogo aanze kutazama kipi?

Pazia_Jekundu
Mkuu, siri yake imo kwenye maandishi. Kabla ya kuanza kurekodi mwaka 1988, Suchet alisoma vitabu vya Agatha Christie, mwandishi aliyembuni Poirot, akinukuu kila kinachomhusu Poirot. Orodha yake ilifika vipengele 93. Cha kwanza: ni Mbelgiji, si Mfaransa. Vingine ni vidogo mno: kwenye chai au kahawa anaweka vibonge vinne vya sukari, wakati mwingine vitatu, mara mojamoja vitano, viatu vyake ni vya ngozi inayong'aa, vimechongoka mbele na vinabana.

Mwendo ulitoka humohumo. Christie anaeleza hatua fupi za haraka za mtu ambaye viatu vinamuumiza. Suchet akachukua mbinu inayonasibishwa na mwigizaji Mwingereza Laurence Olivier: bana sarafu katikati ya makalio, kisha tembea bila kuiangusha. Alifanya mazoezi na sarafu ya peni moja mpaka hatua zikakaa.

Mkijaribu, angalieni mabega. Mtu akibana chini, mabega hupanda, pumzi hukatika na magoti hukakamaa. Mwambie aongee huku anatembea. Sauti ikianza kukwama, asimame, ashushe pumzi, aanze upya. Sarafu itolewe pale tu hatua zinapobaki fupi bila yeye kuziwazia.

Sauti yake halisi ni nzito, inatoka kifuani. Alisikiliza rekodi za redio za Wabelgiji na za Wafaransa, kisha akaipandisha sauti kutoka kifuani hadi kichwani, kwa kuwa Poirot ni mtu anayeishi kwa akili. Huo mpangilio ni muhimu sana. Anayeanza na lafudhi huishia kuigiza lafudhi. Tafuta kwanza sauti inakaa wapi mwilini, ndipo uweke lafudhi juu yake.

Mama_Kostyumu
Kuhusu alikotoka: alizaliwa London tarehe 2 Mei 1946. Baba alikuwa daktari wa uzazi, mama alikuwa mwigizaji, na kaka yake John Suchet alikuwa mtangazaji wa habari wa ITN, shirika la habari za televisheni. Alipitia National Youth Theatre, akasomea LAMDA, chuo cha uigizaji cha London, na mwaka 1973 akaingia Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la tamthilia za Shakespeare. Huko alicheza wahusika wa Shakespeare kama Caliban, Iago na Shylock. Kwa hiyo Poirot alimkuta mtu aliyeshapikwa jukwaani, na mwenye mazoea ya kumtafuta mhusika ndani ya maneno ya mwandishi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mwaka 1985 alicheza Inspekta Japp, polisi wa kwenye hadithi za Poirot, katika filamu ya televisheni ambamo Poirot alikuwa Peter Ustinov. Yeye mwenyewe huitaja kazi ile kuwa miongoni mwa mbaya kabisa alizowahi kufanya.

Kuhusu kumezwa na mhusika, hapo nadhani jibu ni jukwaa. Kila msururu ulipokwisha alirudi kwenye tamthilia: *Oleanna* mwaka 1993, kisha mtunzi wa muziki Salieri katika *Amadeus* London na baadaye Broadway, New York. Kati ya 1997 na 2000 hakukuwa na kipande kipya cha Poirot, na hakukaa bure. Kwenye televisheni alicheza matajiri matapeli: Melmotte wa *The Way We Live Now* mwaka 2001, kisha Robert Maxwell, tajiri wa magazeti, mwaka 2007, kazi iliyompa tuzo ya Emmy ya Kimataifa. Wahusika hao wawili wana mwili mzito na sauti ya kifuani, mbali kabisa na Poirot. Mwaka 2020 alitunukiwa cheo cha Sir.

Pazia_Jekundu
Niongeze la leso, maana linafundisha kuliko yote. Mwanzoni kabisa, Poirot alitakiwa aketi kwenye benchi bustanini. Suchet akataka kwanza atandaze leso, kwa sababu ndivyo Poirot angefanya. Mwongozaji akaona ni upuuzi, watu watacheka. Wakabishana mpaka mtayarishaji, Brian Eastman, akaitwa kuamua, naye akasimama na Suchet. Hakuwa mkaidi tu. Rosalind Hicks, binti wa Christie, alikuwa amemwonya kwamba watazamaji wacheke pamoja na Poirot, wasimcheke. Leso ikitandazwa kwa utani, mhusika anakufa. Ikitandazwa na mtu anayejali suruali yake kwa dhati, anaaminika.

Vya kutazama: *The Adventure of the Clapham Cook* (1989), ndicho cha kwanza. Kisha *Five Little Pigs* (2003), ambapo utani umepungua na wenzake wa kawaida, yaani rafiki yake Hastings, Japp na katibu wake Miss Lemon, hawapo. Malizia na *Curtain* (2013). Hicho cha mwisho kilirekodiwa kabla ya vingine vya msururu wake, ili Suchet asimalize kazi kwa kifo cha Poirot. Siku zake za mwisho za kurekodi zilikuwa Greenway, nyumba ya Christie kule Devon, kwa ajili ya *Dead Man's Folly*.

Mtaa_wa_Jukwaa
Shukrani sana wakuu. Na tumbo je? Mwigizaji wetu ni mwembamba.

Mama_Kostyumu
Usijaze tumbo peke yake, ataonekana mjamzito. Suchet alivalishwa pedi tumboni, kifuani, mgongoni na mabegani, ndiyo maana umbo linafanana kila upande. Shoneni pedi kwenye fulana moja ya kubana ili zisihame akiinama, na suti ikatwe akiwa ameshazivaa. Aanze kuzivaa kwenye mazoezi, si siku ya onyesho, kwa sababu zinabadilisha anavyokaa na anavyogeuka. Joto ni kali, kwa hiyo awe na fulana ya pamba ndani na ya kubadilisha.