Naomba kufundishwa mazingaombwe ya dadu, yale ya kuanzia tu

Kinyozi_wa_Tanga
Wakuu salamu. Mimi ni kinyozi hapa Tanga. Jumapili jioni benchi langu linajaa watoto wa shule, kila mmoja katumwa na mama yake anyolewe kabla ya Jumatatu. Nina ubao wa ludo wa kuwatuliza, ila wakishafika watano ludo inageuka ugomvi.

Juzi kuna mteja kachukua dadu tatu za pale, kamwambia mtoto azipange moja juu ya nyingine, yeye kageukia mlangoni, halafu kataja jumla ya namba zote zilizofichika. Wakafunua, wakahesabu, ikawa vilevile. Watoto walipiga kelele hadi fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Nilipombana anifundishe, akacheka, akalipa, akaondoka zake.

Sasa na mimi nataka niwe na mawili matatu ya namna hiyo. Vidole vyangu vimezoea mashine na wembe, kwa hiyo habari za kuficha vitu kiganjani siziwezi. Sitaki kununua kifaa chochote. Na hesabu zangu ni za kidato cha pili, tena za kusukumwa. Naanzia wapi?

Mzee_Stendi
Angalia tu wasikuambie umefungua karata tatu humo ndani. Mjini hapa mtu mzima akishika dadu mbele ya watu, mkono wa kwanza kwenda mfukoni ni wa polisi.

Mwalimu_Moro
Mzee Stendi kaongea kwa utani lakini ana hoja, kwa hiyo Kinyozi weka sheria mapema: hakuna kuwekeana hela, hata mia. Ikiingia hela, mazingaombwe yamekwisha, imebaki kamari.

Sasa siri ya yule mteja wako. Ni saba. Chukua dadu uitazame: 1 ikiwa juu, chini kuna 6. 2 chini yake ni 5. 3 na 4 zinatazamana. Kila pande mbili zinazopeana mgongo jumla yake ni 7. Watu wanacheza ludo tangu utotoni na wengi hawajawahi kuliona hilo, ndiyo maana mchezo unakubali.

Mnara wa dadu tatu basi ni 7 mara 3, yaani 21. Toa ile namba inayoonekana juu kabisa, umemaliza. Juu kuna 4? Pande tano zilizolala chini yake, pamoja na ule unaogusa meza, ni 17. Yule bwana alihitaji kuona kitu kimoja tu, ile ya juu, na hiyo aliikwapua kwa kutupa jicho. Kazi yote iko hapo kwenye jicho. Usiukodolee mnara. Mimi humtazama mtoto usoni, namuuliza jina lake na la mwalimu wake, na wakati huo namba ninayo zamani.

Ila mnara usiurudie kwa watoto walewale siku hiyohiyo. Daima kuna kamoja kamekaa pembeni kimya, mara ya pili katakuwa kanahesabu na wewe.

Ninaoupenda mimi zaidi ni huu. Mpe mtoto dadu tatu, kisha umpe mgongo kabisa. Azirushe, ajumlishe. Tuseme zimetoka 2, 5 na 6, kapata 13. Mwambie achague moja yoyote, aigeuze, aongeze namba ya chini yake. Kachagua ile ya 5, chini kuna 2, sasa ana 15. Hiyohiyo airushe tena na aongeze itakayotoka. Imetoka 3, ana 18. Hapo ndipo unageuka. Mezani unaona 2, 6 na 3, ambazo ni 11. Ongeza 7 kimoyomoyo: 18. Utamu wake ni kwamba hujui kachagua dadu ipi, na hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kumwambia aigeuze. Ukiwa unageuka sema kwa sauti, “Mimi sikuona ulichorusha mwanzo, sikuona umechagua ipi,” na ni kweli tupu. Kisha kusanya dadu zote kiganjani ukizitikisa kama unazisikiliza, ndipo utaje. Ukitaja zikiwa bado mezani, wataanza kuzichunguza.

Jambo moja la ofisini kwako: ukuta mzima ni kioo. Ukiwapa mgongo huku unatazama kioo, watasema umechungulia, na watakuwa na haki. Simama ukielekea mlangoni kama alivyofanya mteja wako. Nadhani alijua anachofanya.

Vidole_Vyepesi
Mwalimu anampeleka darasani. Mwenzenu nafanya kwa mkono. Unashika dadu moja kati ya dole gumba na kidole cha shahada, 1 na 6 zikiwa ndizo zinazobanwa. Unaonesha upande wa juu, 3. Unageuza mkono waone wa chini, na wakati mkono unageuka dole gumba linaisukuma dadu robo mzunguko. Badala ya 4 wanaona 2 au 5. Mwendo mkubwa wa mkono unaufunika mwendo mdogo wa kidole. Ukirudisha mkono unaisukuma kinyume, 3 inarudi pale pale. Fanya mbele ya hicho kioo chako mpaka mwenyewe usiuone msukumo.

Mwalimu_Moro
Huo ni mzuri, sibishi. Lakini mtu kasema vidole vyake havitaki. Aanze na unaojiendesha wenyewe.

Bi_Mwanaidi
Samahanini, mimi ninauliza tu. Hivi mzazi akisikia mwanawe kaoneshwa mazingaombwe kwa kinyozi hatasema ni mambo ya kishirikina?

Mwalimu_Moro
Swali la haki, dada yangu. Mimi shuleni huwa siliiti mazingaombwe, nasema “hesabu za kushangaza”, na mtoto akiniuliza kama nina jini namjibu hapana, nina saba. Nikiona mzazi kakunja uso, namfunulia siri yeye peke yake. Mara nyingi ndiye anayekwenda kuwasumbua watu nayo nyumbani.

Mama_Wawili
Na mimi nichangie wa kwangu, nautumia kwa binti wa darasa la nne anayeikimbia jedwali ya kuzidisha. Dadu mbili. Zidisha za juu. Zidisha za chini. Kisha juu ya hii kwa chini ya ile, na chini ya hii kwa juu ya ile. Jumlisha majibu manne. Kwa mfano 3 na 5: juu 15, chini ni 4 na 2, inakuwa 8, halafu 3 mara 2 ni 6, na 4 mara 5 ni 20. Jumla 49. Rusha utakavyo, ni 49 daima. Mimi naiandika kwenye karatasi kabla, naikunja, naikalia. Kazidisha mara nne bila kunung'unika.

Mchimba_Kale
Wakuu, kagueni dadu kabla ya kuingia ulingoni. Hii ya saba haikuwa sheria siku zote. Watafiti Jelmer Eerkens na Alex de Voogt walizipima dadu za kale za Uholanzi, wakaona nyingi za kati ya mwaka 1100 na 1450 zina 1 inayotazamana na 2, 3 inayotazamana na 4, na 5 inayotazamana na 6. Baada ya hapo saba ikarudi. Huyo de Voogt wapenzi wa bao wa Zanzibar wanamjua, alitafiti mabingwa wao. Na siku hizi ukinunua dadu za bei ya chini unaweza kukuta iliyochapwa ovyo. Igeuze kila upande. Isiyoleta saba mrudishie muuzaji.

Kinyozi_wa_Tanga
Nimekagua, zangu zote saba. Leo nimejaribu ule wa kugeuza mgongo, nimejifunika na kile kitambaa cha kunyolea kichwani ili wasiseme kioo. Wa kwanza na wa pili nimepatia. Wa tatu nimetaja 16, dogo kakataa, anasema kapata 19. Benchi zima likanizomea. Mwalimu, saba yako imegoma?

Mwalimu_Moro
Saba haigomi, dogo kakosea kujumlisha. Mwenye hesabu hafifu usimpe kazi peke yake. Weka wawili, mmoja arushe, mwingine aandike kila namba kwenye karatasi, na kila hatua wajumlishe kwa sauti ya chini wote wawili. Au wape simu yako yenye kikokotoo. Na wakikataa jibu, usibishane: waambie waisome karatasi kwa sauti kuanzia juu, benchi zima likisikiliza.